Jiwe Jeusi Hili, Je, Limetoka Juu Kweli?

Ndugu musomaji, tuseme kijana wako anarudi toka kichimbo. Anafungua kitambaa na kuweka jiwe jeusi juu ya meza. Ni zito. Liko na vishimo-vishimo, na pembeni lina rangi ya kutu. Anakuambia: "Papa, hii jiwe ilianguka toka juu. Kuko mutu mu soko anasema bazungu banalipaka bei kali. Lakini anaomba dola mia mbili kwanza, ya kuipima." Utajibu nini?

Watu wengi wanajibu haraka. Wamoja wanacheka na kutupa jiwe inje. Wengine wanauza mbuzi, ao wanatoa feza ya masomo ya watoto, na mutu wa soko hawamuoni tena. Wote wanaweza kukosa, kwa sababu hakuna aliyeliangalia jiwe lenyewe.

Kuko njia ingine. Ni kusoma uso wa jiwe polepole, alama moja moja, na kuuliza juu ya kila alama: Nani aliyeifanya? Ni moto wa anga? Ni mvua na udongo? Ao ni furno ya watu? Swali hili si gumu, hata kijana wa shule anaweza kulitumia. Lakini inafaa kujua kwanza namna kila mumoja wa hawa watatu anavyofanya kazi yake.

MAWE YANAANGUKA KWELI

Tusianze na kukatala. Mawe yanaanguka toka juu. Ndugu zetu wa Tanzania wanaita jiwe la namna hiyo kimondo, na vimondo kwa wingi. Hata kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 19, kinataja kitu cha Efeso chenye watu wa muji walisema kilianguka toka mbinguni. Hapa kwetu, katika mwaka 1957, jiwe moja lilianguka Essebi, upande wa kaskazini na mashariki ya inchi yetu, na watu wa elimu wameliandika katika orodha yao ya vimondo vya dunia nzima.

Kimondo kikubwa chenye kiko karibu na sisi ni kile cha Mbozi, Tanzania. Dereva wa magari makubwa yenye yanabeba shaba toka Katanga kwenda Dar es Salaam anapita karibu nacho, kati ya Tunduma na Mbeya. Ni chuma kitupu, urefu wake unapita meta 3, na watu wanakadiria uzito wake karibu tani 16. Wenyeji walikijua tangu zamani. Wageni walikiandika katika mwaka 1930. Hakuna shimo kubwa lenye linaonekana pale kilipoangukia, na wazee hawakuwa na hadithi ya siku ile. Ndiyo kusema kilianguka zamani sana, hata udongo umesahau.

Usichanganye kimondo na radi. Radi ni umeme wa mawingu. Inapasua muti, inaua mutu, lakini haiangushi jiwe. Kama mutu anakuonyesha "jiwe la radi" lenye alilichimba chini ya muti uliopigwa, jiwe lile lilikuwa ndani ya udongo mbele ya mvua kunyesha.

MOTO WA ANGA UNAACHA ALAMA GANI?

Kimondo kinaingia katika hewa yetu na mbio ya kilometa 11 kila segonde, ao zaidi. Hewa yenye iko mbele yake inasongwa na kuwaka, na uso wa jiwe unayeyuka. Lakini mambo hayo ni ya segonde chache tu. Moto haupati wakati wa kuingia ndani. Katika kilometa za mwisho jiwe limekwisha kupunguza mbio, moto umezimika, na linaanguka sawa jiwe lenye mutu ametupa. Basi, kama muuzaji anasema jiwe lake la kilo mbili liliunguza majani na kuwaka siku nzima, anza kuwa na mashaka.

Alama ya kwanza ya moto ule ni ganda. Juu ya kimondo cha mawe ganda ni jembamba sana, milimeta moja ao chini yake, sawa ganda la yai. Likiwa jipya ni jeusi. Ndani, kwa wingi wa vimondo hivyo, jiwe ni la rangi ya majivu ao nyeupe kidogo. Kwa hiyo tafuta pembe yenye imevunjika na angalia kwa upande: utaona mustari mwembamba mweusi inje, na rangi ingine ndani. Jiwe lenye ni jeusi toka inje mpaka katikati si lazima liwe la uongo, lakini halijakuonyesha ushuhuda huu.

Alama ya pili ni zile zenye zinafanana na vidole. Umekwisha kuona mama akikanda bukari kwa mukono, na kidole gumba kinaacha bonde dogo laini? Uso wa vimondo vingine uko namna ile, zaidi vile vya chuma. Hewa ya moto ilichimba mabonde hayo. Hayana kina kirefu, kando zake ni laini, na yamekaa karibu-karibu. Juu ya jiwe dogo yanakuwa madogo, na juu ya jiwe kubwa yanakuwa makubwa.

Ganda jipya linaweza kuonyesha tena mistari midogo ya kitu kilichoyeyuka na kurudishwa nyuma na upepo, ao nyufa nyembamba, kwa sababu uso ulipoa haraka. Mistari hii ndiyo ya kwanza kupotea wakati mvua inaanza kazi yake.

MVUA NA UDONGO VINAANDIKA JUU YA MAANDIKO YA KWANZA

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Picha za vitabu zinaonyesha vimondo vipya, vyeusi kama makaa. Lakini jiwe lenye umeokota katika shamba limelala pale labda miaka elfu. Limenyeshewa, limekauka, limenyeshewa tena. Uso wake si ule ulioshuka nao.

Kimondo cha mawe, kwa kawaida, kiko na punje za chuma ndani yake. Chuma kile kinapata kutu. Kutu inachukua fasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inasukuma, na jiwe linapasuka toka ndani. Ganda jeusi linageuka rangi ya kahawa, halafu jekundu-jekundu, halafu linatoka vipande vipande. Nyufa zinakutana sawa zile za matope iliyokauka nyuma ya masika. Watu wa elimu wanakata jiwe, wanaliangalia kwa mikroskopi, na kupanga uharibifu huu kwa daraja: W0 ni jiwe lenye chuma chake bado kizima, na W6 ni lile lenye hata madini ya jiwe yenyewe yamegeuka udongo.

Ndiyo sababu vimondo vingi vinaokotwa katika jangwa la Sahara na la Oman. Si kwamba mbingu inapenda fasi ile. Ni kwamba kule mvua ni kidogo, na jiwe jeusi linaonekana mbali juu ya muchanga. Kwetu mvua inanyesha miezi mingi, majani yanafunika, na kutu inakula haraka. Vimondo vya mawe vinaharibika na kupotea mbele ya mutu kuviona.

Jangwani kuko alama zingine zenye zinashangaza. Upande uliokuwa ndani ya udongo unaweza kuwa na ganda jeupe sawa chokaa. Chokaa ile ilitoka katika udongo, haikuja na jiwe. Upande wa juu unaweza kungaa rangi ya kahawa nyeusi, kama meza iliyopakwa vernisi. Ni jua, vumbi na unyevu wa miaka mingi vilivyofanya hivyo, na mawe ya kawaida ya jangwa yanangaa vilevile. Mwenye haraka anasema: "Angalia, ni ganda la moto!" Hapana, ndugu, si moto. Ni rangi ya jangwa.

Alama ingine ni vidude vya mviringo vyenye vinatokeza juu ya uso, sawa mbegu za mutama. Wingi wa vimondo vya mawe vimejengwa na vidude hivi, na vilikuwako mbele ya dunia yetu kutengenezwa. Wakati mvua inakula sehemu laini yenye kuvizunguka, vinabaki vikitokeza. Lakini jihazari: udongo wetu mwekundu unafanya pia changarawe za mviringo zenye chuma. Vunja moja ya hizo na uisugue: inatoa unga mwekundu, na ndani hakuna punje ya chuma chenye kungaa.

Tena, kimondo cha chuma kinaweza kutoa jasho. Usishangae. Chumvi za udongo na za maji zinaingia katika nyufa zake. Wakati hewa ni ya unyevu, matone madogo ya rangi ya kahawa yanatokea juu ya chuma. Watu wanaweza kusema kwamba jiwe linalia, na kuogopa. Hakuna pepo ndani yake. Ni chuma na chumvi vinapigana, na chuma kitashindwa kama hakikaushwi.

MASHIMO: CHUMA CHA OREGON

Swali lenye vijana wanauliza zaidi ni juu ya mashimo. Kuko kanuni ya kwanza: kimondo hakina mashimo ya povu kama mukate. Hiyo ni kweli kwa wingi wa vimondo. Lakini kuko kimondo kimoja chenye kinatufundisha kuangalia zaidi.

Ni kile cha Willamette, jimbo la Oregon, katika inchi ya Marekani. Uzito wake ni karibu tani 15. Ni chuma na nikeli. Upande wake mumoja uko na mashimo makubwa na mabakuli, mengine yanaweza kuingiza mutoto. Kama hujui habari yake, utasema moto wa anga ulifanya kazi ile. Lakini sivyo. Jiwe hili lina umbo la kengele. Lililala na kichwa chake katika udongo, na upande mupana ukiangalia juu, ndani ya pori lenye mvua nyingi. Katika chuma chake mulikuwa mabonge ya madini yenye kiberiti. Maji ya mvua yalikutana na kiberiti kile, yakafanya asidi, na asidi ikakula chuma, mwaka kwa mwaka, kwa miaka maelfu. Bakuli moja likishika maji, lilizidi kuchimbika. Moto wa anga ulitumia segonde chache tu, na mvua ikaendelea na kazi miaka yote ile.

Wenyeji Waklakama wanaliita Tomanowos, na kwao ni jiwe la heshima kubwa. Katika mwaka 1902 mugeni mumoja, Ellis Hughes, alilitambua kuwa chuma cha juu. Lakini lilikuwa katika udongo wa kampuni. Yeye pamoja na mutoto wake na farasi mumoja walilivuta kwa siri, zaidi ya kilometa moja, karibu miezi mitatu, mpaka kulifikisha katika shamba lake. Akaanza kulipisha watu waliokuja kuliangalia. Kampuni ikamushitaki. Katika mwaka 1905 tribinali kubwa ya Oregon ikakata maneno: jiwe ni la mwenye udongo. Hughes akabaki mikono mitupu. Mwaka uliofuata jiwe likapelekwa katika nyumba ya makumbusho ya New York, na liko kule hata leo. Katika mwaka 2000 makumbusho na kabila za wenyeji walipatana, ili wana wa inchi ile waje kuliheshimu kila mwaka.

Sisi watu wa inchi ya madini tunaelewa neno hili bila mwalimu. Kuokota jiwe na kuwa mwenye jiwe ni mambo mawili.

Basi utatenga namna gani mashimo ya asidi na mashimo ya povu? Angalia fasi yenye jiwe limevunjika. Povu inaingia mpaka ndani: utaona vishimo vingi, vikubwa na vidogo, na kuta zake zinangaa sawa kioo. Mashimo ya chuma kilicholiwa ni ya inje tu, ni machache, na kati yao chuma ni kizima na kizito kabisa.

GANDA LENYE KUBANDUKA: CHUMA CHA NAMIBIA

Kimondo kikubwa kuliko vyote vyenye vinajulikana kiko Afrika, katika shamba la Hoba, karibu na muji wa Grootfontein, Namibia. Katika mwaka 1920 mwenye shamba alikuwa akilima na ngombe, na jembe likagonga kitu na kulia sawa chuma juu ya chuma. Walipochimba walikuta bamba la chuma la upana wa karibu meta 2.7 kila upande, unene wake karibu meta moja. Uzito wake ni karibu tani 60. Katika kila sehemu 100, karibu 84 ni chuma na 16 ni nikeli. Hakijasogezwa hata leo.

Kilipochimbuliwa kilikuwa kimezungukwa na ganda nene la kutu ngumu, lenye kubanduka bamba bamba, sawa kurasa za kitabu kilicholowana. Ganda lile ni chuma cha kimondo chenyewe kilichogeuka. Mutu akiokota kipande chake peke yake, ataona jiwe la kahawa tu, bila ganda la moto na bila alama za vidole. Atalitupa. Lakini ndani ya kutu ile nikeli ingali mule, na fundi wa kupima anaweza kuipata.

Kwa hiyo, kukosa alama za moto si ushuhuda kwamba jiwe ni la dunia. Na kuwa na rangi nyeusi na uzito si ushuhuda kwamba ni la juu. Alama moja peke yake haihukumu, sawa vile katika baraza la wazee shahidi mumoja hatoshi.

MAWE YA KWETU YENYE KUDANGANYA

Wa kwanza ni skori, ile takataka ya furno. Kiwanda cha Lubumbashi kilianza kuyeyusha shaba katika mwaka 1911, na kile kilima cheusi chenye kila mutoto wa Lubumbashi anakijua kilitoka mule. Kwa miaka mingi watu wamebeba vipande vya skori kutengeneza barabara na kujenga. Vinapatikana fasi zote. Ni nyeusi, nzito, inangaa, iko na povu, mvua imeipaka kutu, na mara zingine inavuta sumaku. Ni furno iliyoiyeyusha, ndiyo sababu inafanana na kitu kilichopita motoni. Tena, kuko skori ya mafundi wa zamani, mababu zetu waliofua chuma na shaba mbele ya wazungu kufika. Hiyo unaweza kuichimba katika pori, mbali na kiwanda chochote, na kusema: "Hapa furno haikuwako." Ilikuwako.

Wa pili ni mawe ya chuma ya udongo. Moja linatoa unga mwekundu likisuguliwa, lingine linatoa unga mweusi na linavuta sumaku sana.

Wa tatu ni madini meusi ya kobalti. Ni mazito, na mara zingine uso wake ni wa mviringo-mviringo na unangaa sawa kitu kilichoyeyuka. Lakini hayana ganda jembamba juu ya ndani ya rangi ingine, na mara nyingi yanabeba rangi ya majani ya malakiti katika nyufa.

Wa ine si wa kucheka. Vimondo havina hatari ya miali kuliko mawe ya kawaida. Lakini katika inchi yetu kuko jiwe jeusi lenye hatari ile. Kila mutu wa Likasi anajua jina la Shinkolobwe, fasi yenye urani ilichimbwa. Kama jiwe jeusi na zito sana liko na rangi ya manjano, ya machungwa ao ya majani yenye kungaa juu yake, usilisugue, usipumue vumbi yake, na usiliweke chini ya kitanda cha watoto kwa kungoja munuzi. Rangi zile hazikutoka anga.

NAMNA YA KUPIMA, WEWE MWENYEWE

Fanya hivi, kwa utaratibu, na andika kila jibu katika kaye.

1. Angalia. Tafuta ganda, mabonde ya vidole, mustari katika pembe iliyovunjika. Tafuta povu ndani. Tafuta mawe meupe yenye kungaa sawa kioo kilichovunjika: hayo yakiwa mengi, jiwe ni la dunia.

2. Sugua. Chukua mugongo wa karo ao wa sahani, pale fasi isiyo na rangi ya kungaa, na upige mustari kwa jiwe. Mustari mwekundu ao mweusi wazi unaonyesha mara nyingi madini ya dunia. Kimondo kwa kawaida hakiachi mustari, ao kinaacha wa kahawa hafifu kama kimekwisha kupata kutu.

3. Pima uzito ndani ya maji. Tundika jiwe kwa kamba katika kilo ya kutundika na uandike uzito. Kisha ulizamishe katika ndoo ya maji, lisiguse chini, na uandike tena. Kwa mufano: inje gramu 1,000, ndani ya maji gramu 700. Limepungua 300. Gawanya 1,000 kwa 300, unapata 3.3. Mawe mengi ya kawaida yanafika karibu 2.7. Vimondo vingi vya mawe viko kati ya 3 na 3.7. Vimondo vya chuma vinakaribia 8. Lakini skori ya shaba inaweza kupita 3 vilevile. Kwa hiyo usishangilie bado. Nyuma ya kupima, kausha jiwe vizuri.

4. Sogeza karibu na busola. Sindano ikigeuka, kuko kitu chenye kuvuta ndani. Wingi wa vimondo vinaigeuza. Lakini usibandike sumaku yenye nguvu juu ya jiwe. Vimondo vingine vinachunga ndani yao kumbukumbu ya sumaku ya fasi vilikotoka, na sumaku ya mukono inaifuta yote. Namna ile vipande vya jiwe moja la sayari Mars lenye jina NWA 7034, lililopatikana katika Sahara, vilipoteza kumbukumbu yao, na watu wa elimu hawawezi kuirudisha.

5. Fungua dirisha dogo. Kwa tupa ya fundi, sugua pembe moja tu, upana wa ukucha. Katika kimondo cha mawe utaona mara nyingi punje ndogo za chuma zikingaa katika jiwe la majivu, zimetawanyika. Katika skori utaona kioo na povu, na labda tone la shaba jekundu.

Usilipige kwa nyundo. Usiliingize motoni. Usilipake mafuta wala asidi. Kausha, funga katika karatasi, chukua picha ya fasi ulipoliokota, na uandike siku.

Kama jiwe limepita maswali yote matano, bado hujui. Umepata tu sababu ya kuuliza mutu mwenye vyombo. Katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi kuko walimu wa elimu ya mawe. Wao wanaweza kutafuta nikeli. Chuma cha kimondo kwa kawaida kinakuwa na sehemu 5 za nikeli katika 100, ao zaidi, na chuma cha kawaida cha kiwanda hakina nikeli kama hiyo. Wanaweza tena kukata kipande na kukisafisha kwa asidi ya mafundi. Vimondo vingi vya chuma vinaonyesha wakati ule mistari yenye kupitana sawa mukeka. Mistari hiyo ilijisuka wakati chuma kilipoa polepole sana, na hakuna furno ya watu yenye inaweza kuisuka.

FEZA NA KWELI

Sasa turudi kwa mutu wa soko na dola zake mia mbili. Mupimaji wa kweli anaomba kipande kidogo, hatangazi bei mbele ya kupima. Anakuambia alama alizoziona na zile alizozikosa. Mudanganyifu anasema bei kubwa kwanza, anakuomba feza ya siri, na anakuharakisha. Haraka haraka haina baraka. Jiwe lenye limelala katika udongo miaka elfu linaweza kungoja wiki mbili.

Na wewe kijana, kama umekwisha kujua kwamba jiwe lako ni skori, usilipeleke kwa mwingine na kumuambia limetoka juu. Yeye pia iko na mbuzi nyumbani, na watoto wa kulipia masomo. Kuuza uongo kwa mutu asiyejua kusoma jiwe ni wizi, hata kama mukono wako haukuingia katika mufuko wake.

Wababa na wamama, fanyeni kazi hii pamoja na watoto. Leteni ndoo, kilo, karo na kaye. Mara nyingi mutakuta skori, na mutoto atakuwa amejifunza namna furno ya shaba inavyofanya kazi. Mara zingine mutakuta jiwe la chuma, na mutoto atajua udongo wa kwao. Na kama siku moja, katika elfu, mustari mwembamba mweusi unaonekana katika pembe iliyovunjika, na punje za chuma zinangaa ndani ya jiwe la majivu, nyamazeni, funikeni jiwe katika karatasi kavu, ulizeni udongo ule ni wa nani, na andikeni fasi na siku. Kisha mulipeleke kwa wenye kujua.